Vidole Viwili Juu

4 Machi

Kwako mpwa wangu, Bibi Mikate,

Mimi mzima, nina nguvu za kugawa kwa wasio nazo. Mbuzi wazima. Jirani yangu Mama Cherehani mzima na mashine yake inanipigia kelele dirishani kutwa. Paa linavuja pale pale. Namuulizia dada yangu, yaani mama yako. Mwambie ule ugomvi wetu wa mwezi uliopita haujaisha na nilikuwa nashinda.

Sasa nisikilize. Dereva wa maziwa ameniletea sukari na sabuni, anasema umempa wewe kule chini kwenye mtaro uliochimbwa na mvua barabarani, kwamba ulifika pale ukaangalia ukageuza gari. Ukageuza! Mtu wa damu yangu anaona mtaro anageuza! Niliona aibu nikamwambia labda ulisahau kitu nyumbani. Akacheka. Dereva wa maziwa ananicheka mimi, niliyepitisha lori la magogo mahali ambapo hata punda walisimama wakafikiri.

Kosa ni la gari. Hilo gari lako ni kubwa kwa macho tu. Sura ya kifaru, tumbo la bata. Nilipolala chini yake mwaka jana niliona lilivyokwaruzwa na mawe nikanyamaza kwa heshima. Sasa sinyamazi. Liinue. Liinue vidole vinne. Vidole vyangu nasema, vilivyolazwa pamoja, si hivyo vyako vya kupepetea unga. Vyangu vinne ni inchi nne, seremala alivipima akashangaa.

Mwisho wa mwezi uje unichukue nikamwone dada yangu kama kawaida. Usinipigie simu. Ile simu uliyoninunulia nimeilaza kabatini, haina adabu, mtu hajamaliza kufoka inakatika. Andika, umpe dereva wa maziwa.

Mjomba wako,
Springi

*

19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Kazini wamenipa zamu ya alfajiri, kwa hiyo mkate wa kwanza wa mji huu unatoka mikononi mwangu na hakuna anayeniambia asante. Mama hajambo mwilini. Kichwani, mjomba, siku nyingine yupo na siku nyingine hayupo. Jana aliniuliza, "Yule mrefu mwenye makelele, mbona haji tena?" Nikamwambia jina lako. Akasema jina halijui, lakini makelele anayakumbuka. Kwa hiyo usifikiri nakaa huku nimekunja miguu. Nataka ufike kabla hajayasahau na makelele.

Nimelipeleka gari kwa Fundi Miwani. Alijilaza chini yake akatoka na tope kwenye miwani, akaniuliza, "Dada, hili la kutembelea kila siku au la kwenda kuwinda?" Nikamwambia kila siku. Alfajiri kiwandani, jioni sokoni, na lile egesho la magari la ghorofani lenye dari la chini. Akasema, "Basi inchi mbili, zisizidi." Nikamwambia kuna mtu ametaja inchi nne. Akasema, "Huyo wa kijiweni mwambie aje anunue yeye mipira ya ekseli, maana itapasuka moja baada ya nyingine." Nikamwambia mtu wa kijiweni ni mjomba wangu. Akafuta miwani muda mrefu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni spesa, vile vipande vigumu vinavyowekwa juu ya springi zilizopo. Gari linapanda, lakini shokamzoba, zile za kupunguza mtikisiko, zinabaki zile zile fupi, na kwenye matuta zinagonga mwisho. Ya pili ni springi mpya ndefu kidogo na shokamzoba zake zinazolingana nazo, kisha magurudumu yanyooshwe na taa zishushwe nisiwapofushe watu. Naona ya pili. Inchi mbili. Ni vidole vyako viwili, mjomba, kama seremala hakukudanganya.

Vifaa vinachukua muda kufika. Niambie tu unakubali nisije nikasikia maneno baadaye.

Mpwa wako

*

28 Aprili

Kwako mpwa,

Salamu. Mbuzi wazima. Mama Cherehani mzima, anapita kila asubuhi kuniletea maji bila kuombwa, sijui kapatwa na nini. Siku hizi nalala sebuleni. Kuna hewa.

Barua yako ilikaa. Nilikuwa na shughuli za paa. Nilikuwa nagonga msumari kwenye bati nikashuka kwa haraka kuliko nilivyopanda, basi, shughuli ikaisha.

Kuhusu gari. Usiliinue.

Nimefikiri. Gari likitoka kiwandani limetoka na akili za watu waliolitengeneza, wewe na huyo Miwani wako mna akili gani ya kuzidi? Springi ni kitu nyeti. Mimi naitwa Springi, hukunipa wewe jina hilo, nilipewa na matingo wazima wa malori baada ya kubadili springi ya lori mlimani peke yangu huku mvua inanichapa. Kwa hiyo nikisema usiliinue, usiliinue. Hata kidole kimoja. Likiinuka litapeperushwa na upepo. Litakunywa mafuta. Mwanamke mwenye sketi atapandaje? Na mbuzi watalala chini yake.

Na hakuna mtu mwenye tatizo la goti hapa. Kama kuna mtu kakuambia habari za goti ni mwongo. Kama hakuna aliyekuambia, basi sahau kwamba nimeandika.

Mjomba wako

*

6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Sina salamu nyingi kwa sababu nina hasira nawe, na dereva wa maziwa ananipigia honi.

Mwezi Machi mimi ni aibu ya ukoo kwa kugeuza gari. Inchi nne! Vidole vinne! Mwezi Aprili hata kidole kimoja, nitapeperushwa na upepo. Gari linabeba watu watano na magunia ya unga, mjomba, upepo gani huo? Na tangu lini umejali sketi yangu? Nilipokuwa msichana ulinipandisha juu ya magogo nikiwa na sketi hiyo hiyo.

Vifaa vimeshafika. Fundi ameshafungua magurudumu. Unataka nimwambie nini? Kwamba mjomba amelala, ameamka, ameota?

Nakuuliza jambo moja nataka jibu moja. Nisipoliinua, nitapitaje mtaro? Utashuka kwa miguu mpaka barabarani nikuchukue huko? Sema. Mama anavaa kila Jumapili anakaa barazani, anasema anamsubiri mtu. Nikimuuliza mtu gani anasema, "Si wako."

Na nani aliyetaja goti? Mimi sikutaja goti.

Mpwa wako

*

21 Mei

Mpwa,

Salamu kwa dada yangu. Wewe sikusalimii.

Unaniuliza maswali kama askari wa barabarani. Sishuki kwa miguu. Sijisikii kushuka. Barabara ni ya magari. Mtu aliyezunguka nchi na lori hawezi kuonekana anatembea na fimbo, nasema hawezi kuonekana anatembea, fimbo imeingia kwa bahati mbaya kalamu ikiteleza.

Unanijibu mimi, "amelala, ameamka, ameota." Marehemu baba yangu angekuwepo angekunyang'anya hiyo leseni. Fanya unavyotaka. Si umesoma? Si una fundi mwenye miwani? Inua mpaka mawinguni. Mimi simo.

Springi

*

18 Juni

Mpwa,

Salamu fupi, maana bado nina moto.

Umekuja hapa Jumapili unapiga honi kutoka mtaroni mpaka mlangoni kana kwamba umeteka mji. Watu wote wametoka. Mama Cherehani kaacha nguo ya mtu kwenye mashine. Sawa, umepita mtaro. Sawa, halikugusa. Nilisikiliza kwa masikio yangu, halikugusa. Nani kakataa?

Lakini kunifokea mbele ya watu! Nimekuambia gari linanuka mpira mpya, mimi mpira mpya unaniumiza kichwa. Umesema, "Mjomba, acha utoto, panda." Utoto! Mimi! Nikasema limekaa juu mno, halina heshima. Ukasema ni inchi mbili tu, ukanyoosha vidole viwili mbele ya pua yangu. Mbele ya pua! Nikarudi ndani. Ni haki yangu kurudi ndani, nyumba ni yangu.

Ukaondoka na matope yako. Tangu siku hiyo Mama Cherehani ananiangalia kama nguo iliyokatwa vibaya.

Mjomba wako

*

2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Tupo. Zamu ni ile ile.

Nilirudi siku ile nikamkuta mama barazani amevaa, mkoba mapajani. Akachungulia ndani ya gari, kiti cha mbele, cha nyuma. Akasema, "Umemsahau?" Nikamwambia hakutaka kuja. Nilivyokuchukia saa ile, mjomba, ni Mungu tu anajua, na nisingependa aniulize.

Karibu wiki mbili sikuliosha gari kwa hasira, limekaa na matope yenu. Juzi nikachukua ndoo. Nilipofika mlango wa abiria nikaona alama za vidole. Vinne juu ya kioo, vinene, na kiganja kizima kwenye ukingo wa paa, kimeteleza kwenye tope mpaka chini. Na pale chini ya mlango, alama ya ncha ya kiatu. Moja. Haikuingia ndani.

Nimeosha gari lote. Hapo sijaosha.

Sina la kusema juu ya hilo na wewe usiniandikie juu ya hilo. Ninachokuambia ni kwamba nimeona sketi yangu inanisumbua kupanda. Ulisema kweli kuhusu sketi. Kwa hiyo nimemwambia Fundi Miwani achomelee kikanyagio cha chuma chini ya milango, pande zote mbili, kipana, cha kuweka mguu mzima. Ni kwa ajili ya sketi. Mtu mwingine akikikanyaga ni hiari yake.

Bado nina hasira na wewe. Usifikiri imeisha. Nitakuja Jumapili ya pili ya mwezi ujao.

Mpwa wako

*

3 Julai

Mpwa,

Salamu kwa dada yangu, na wewe kidogo.

Barua hii sijui itafika lini, dereva wa maziwa ana homa na badala yake kaja mtu asiyejua kusimama.

Nimejenga kitu. Kipo mbele ya mlango wangu, cha mawe na saruji, kimesimama kama madhabahu, kitu kizito. Mama Cherehani alinishikia ndoo, saruji nimechanganya mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti kwa sababu ndivyo ninavyochanganya. Ni ngazi. Usiulize ya nini. Ni ya mbuzi. Mbuzi wanapenda kusimama juu.

Lakini kama siku moja gari la mtu likija, na kama mtu huyo ana akili, atalileta taratibu mpaka mlango wake uwe sawasawa na ngazi, karibu kabisa, nafasi ya kidole kimoja isizidi. Urefu nimepima kwa macho siku ile uliponyoosha vidole vyako puani mwangu. Siku ile ile niliangalia pia gari lilivyokaa. Springi mpya hukaa, zikizoea mzigo zinashuka kidogo. Nimelipigia hesabu hilo pia. Miwani wako hawezi.

Hasira yangu iko pale pale.

Springi

*

14 Agosti

Kwako mpwa wangu, Bibi Mikate,

Mbuzi wazima. Mama Cherehani mzima, ila hajamaliza kucheka, akianza mashine inasimama. Dereva wa maziwa amepona, ndiye aliyeniletea barua yako ya mwezi uliopita jana jioni. Jana! Kuhusu kikanyagio! Baada ya mambo yote!

Na yangu anasema ameikuta chini ya kiti cha yule mtu asiyejua kusimama. Kwa hiyo ulikuja bila kujua ngazi, na mimi nilikungoja kila Jumapili bila kujua kikanyagio. Sawa. Lakini macho unayo! Nimesimama mlangoni nimevaa koti, naonyesha kwa mkono, njoo, njoo, karibu, nawe unakuja kama unavyopeleka mikate tanuruni, na kile chuma kimetokeza pembeni kama sikio la tembo. Nikasikia kraa! Ngazi yangu! Kona nzima imemeguka. Na kikanyagio chako kimejikunja kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Ukashuka unapiga kelele, "Nani kaweka jabali hapa?" Nikasema, "Nani kaweka bomba kwenye gari?" Ukasema, "Ni la sketi!" Nikasema, "Na hili ni la mbuzi!" Na wewe ulikuwa umevaa suruali, mpwa. Umesahau kuvaa uongo wako. Na mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba. Mama Cherehani akakaa chini kabisa kwa kicheko.

Halafu ukaanza kurudi nyuma ulitoe, ukakata usukani upande usiofaa. Upande usiofaa! Hapo ndipo damu ilipopanda. Nikasema toka hapo, toka, utang'oa nyumba yangu, nipishe nikuonyeshe gari linavyotolewa. Ukatoka. Umetoka haraka mno, ndivyo nilivyoona nilipofikiri baadaye. Nikazunguka mbele ya gari na fimbo, upande wa usukani, hapakuwa na ngazi pale, palikuwa na kikanyagio kimoja kizima cha kipumbavu, nikatupa fimbo, nikakanyaga, nikaingia. Nilikuwa na hasira. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka nimekaa na usukani uko mkononi.

Nikalitoa. Kwa mkono mmoja. Ulisema, "Basi kaa huko huko," ukapanda ile kona ya ngazi iliyomeguka ukaingia kiti cha abiria.

Mtaro nimeupita mimi. Wewe ulipita taratibu na honi, mimi nimepita kama mtu anayekwenda kazini. Halikugusa. Kwenye kona halilali, kwenye matuta halirukiruki, linakaa chini likashika barabara. Gari halina klachi, mguu wa kushoto umepewa likizo, nani kasema si jambo jema? Inchi mbili zinatosha. Nilisema hivyo tangu mwanzo na nashangaa ulivyonibishia.

Sasa kuhusu dada yangu. Nina malalamiko. Ameniangalia nilivyoshuka, ameangalia sana, mpaka nikafikiri basi, tumechelewa, nimekuwa mgeni. Hata salamu nikaisahau. Akakuuliza wewe, "Huyu nani kanyamaza hivi?" Ukanikanyaga mguu, ule mzima, nashukuru uliuchagua. Nikafoka. Nikakufokea wewe, kikanyagio, saruji, Miwani, kila kitu, barazani pale. Akaweka mkoba chini. Akasema, "Aa. Ni huyu. Mbona amekuwa mfupi?"

Mfupi! Mimi! Ni hilo gari lako, mtu yeyote akisimama kando yake anaonekana mfupi. Nimemweleza akakataa. Tumegombana mpaka chai ikapoa mara mbili, na safari hii ameshinda yeye, lakini alisaidiwa na wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Jumapili ijayo njoo. Kikanyagio mwache Miwani akinyooshe, lakini asikiondoe, sketi zipo nyingi duniani. Ngazi nataka usiiguse. Dereva wa maziwa amesema utaleta saruji uizibe ile kona. Usilete. Pale palipomeguka mguu unaingia vizuri, nimejaribu leo asubuhi, nimepanda na kushuka bila gari lolote, Mama Cherehani ni shahidi.

Na ule mlango wa abiria nimeona hukuuosha. Uoshe. Gari chafu ni aibu ya ukoo.

Mjomba wako,
Springi